Mwitikiaji wa Mzee Valji

Al Wukair, Doha
Ijumaa, 13 Septemba 2024

Mjomba Philipo,

Nakusalimu nikiwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa, maana ndicho kiti changu cha Ijumaa hapa nyuma ya jikoni. Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaonisumbua. Goti la Anti Edith linaendeleaje? Mwambie mwanao Levis asante kwa kupiga picha barua zako na kunitumia, na kwa kukuchapishia zangu pale saiba. Najua simu huisikii tena vizuri, na mimi kusema kweli sina nguvu za kupiga kelele. Heri tuandikiane hivi.

Nilikwambia nitabadilishiwa kazi. Sasa namtunza mzee wa Kihindi, Mgujarati, anakaribia miaka themanini, ana kilo tisini na namwinua peke yangu. Jina lake ni Valji, lakini hapa nyumbani wote wanamwita Bapuji. Alipatwa na kiharusi huko kwao, mwanawe Bhavesh, ambaye ni injinia, akamleta huku. Ajabu ni kwamba kazi ya huyu mzee maisha yake yote ilikuwa kuchekesha watu. Madam Nita, mke wa Bhavesh, anasema alikuwa anakaa kwenye godoro jukwaani, nyuma yake mtu wa kinanda na mtu wa ngoma, anasimulia visa vya kijijini saa nne mfululizo, na watu maelfu wanalia kwa kucheka.

Sasa hasemi. Daktari anasema ulimi umepona, ni yeye tu hataki. Anashinda akitazama ukuta. Madam ameanza kuniangalia vibaya kana kwamba mimi ndiye niliyemnyamazisha, na ameniambia wazi kwamba mwaka ukiisha bila mabadiliko atamleta mtu wa kutoka kwao. Mjomba, wewe ulikata vitambaa dukani kwa Wahindi Kisumu miaka kumi na saba na lugha yao unaijua. Nimfanyie nini huyu mtu aseme?

Mpwa wako,
Winfred

Chavakali
2 Oktoba 2024

Mwanangu Winfred,

Salamu zako zimefika. Goti la Edith ni lile lile, mvua ikinyesha linamsumbua, isiponyesha anasumbuka kwa mahindi. Levis amepata pikipiki na sasa kumwona nyumbani ni bahati, kwa hivyo barua zikichelewa usishtuke. Masikio yangu yamezidi. Juzi mchungaji aliniita jina mbele ya kanisa zima na mimi nikaendelea kusoma zaburi.

Huyo mzee nimewahi kumsikia. Bwana Kanji mwenye duka alikuwa anaweka kaseti zake tangu anafungua mpaka anafunga. Sina zaidi ya hayo.

Ila kazi yako naijali, basi sikiliza. Wasimulizi wa kwao hawasimulii ovyo. Lazima mtu mmoja aketi mbele, na kila sentensi ikiisha yeye anaitikia "haa". Huko kuitikia wanakuita honkaro. Asipokuwepo mwitikiaji, msimulizi anakatika. Sasa nyinyi hapo mnamuuliza kama amekunywa dawa na kama anataka choo. Nani ataanza kisa kwa maswali kama hayo? Kaa chini mbele yake, si pembeni. Mwangalie mdomo. Hata akiguna tu, mwitikie haa, kisha nyamaza ungoje. Si lazima uelewe. Usimkimbize, na usimmalizie maneno.

Kula vizuri, na huo mgongo ufunge kitambaa unapomwinua.

Mjomba wako,
Philipo

Al Wukair
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Leo nakuandikia nikiwa na furaha kidogo, nayo huku si kitu cha kila siku. Pamela, yule rafiki yangu mlinzi wa kule The Pearl, alinipata kanisani asubuhi akaniuliza nimekula nini. Joto limepungua. Wewe umerudi kwa daktari wa masikio, au bado unamwambia Anti kesho?

Mjomba, amesema! Siku tatu nilikaa sakafuni mbele yake na kuitikia miguno, nikijiona mjinga. Siku ya nne akaguna, nikasema haa, akanitazama, akasema maneno mawili. Nikasema haa. Akaongeza matano. Madam alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama pale mlangoni akilia. Tangu hapo kila alasiri baada ya chai anasimulia, lakini ni kwangu tu. Bhavesh alijaribu kuketi mahali pangu, mzee akafumba macho.

Visa vingi vinakatika njiani. Ni kimoja tu anachokifikisha mwisho, hakosei hata neno, na Madam amenitafsiria. Wewe utacheka, maana kuna wajina wako! Ati zamani alikwenda Kisumu kusimulia. Nyuma ya pazia palikuwa na Mwafrika wa kushughulikia maikrofoni, jina lake Filipo. Filipo akalala, kichwa kwenye spika. Watu walipocheka akaamka, akadhani ni wezi, akakimbilia jukwaani na waya umemzunguka mguu, akaburuta kinanda na mwenye kinanda. Mwisho akapiga magoti kukiomba kinanda msamaha, akikiita mzee. Kisha Bapuji anasema, tangu siku hiyo najua ucheshi wangu humwamsha hata asiyeuelewa.

Je, ulimjua huyo Filipo?

Winfred

Al Wukair
Ijumaa, 20 Desemba 2024

Mjomba,

Krismasi njema kwako na kwa Anti. Nimengoja barua yako wiki saba. Levis anasema uliisoma yangu, ukaikunja, ukaenda shambani bila jembe. Kama ni ugonjwa mnanificha, semeni. Kama ni kitu nilichoandika, nisamehe, ingawa sijui ni kipi.

Madam amesema nitabaki. Hayo ni matunda ya mkono wako na nilitaka uyajue.

Winfred

Chavakali
6 Januari 2025

Winfred,

Sisi ni wazima. Mwaka mpya tumeuona. Nafurahi umebaki kazini.

Filipo huyo ni mimi.

Na haikuwa hivyo. Sikulala, sikuburuta kitu, sikupigia kinanda magoti. Ilivyokuwa sitaki kuandika, wala Edith hajui, kwa hivyo usimguse na hilo. Kinachonikata ni kwamba umekaa miguuni pake kila alasiri ukimwitikia haa, haa, ndivyo, ndivyo, damu yangu mwenyewe, na aliyekufundisha ni mimi. Nilipoona jina lake katika barua yako ya kwanza nilijua inaweza kutokea. Nikaona afadhali upate kazi.

Usiniulize zaidi.

Philipo

Al Wukair
Ijumaa, 31 Januari 2025

Mjomba Philipo,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi hata kwa salamu. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka Pamela akaninyang'anya simu. Nimeona haya, mjomba. Nilikuandikia kisa kile kama mtu anayeleta zawadi.

Sasa limenikuta jambo. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja Februari mzee anatimiza themanini, na Wagujarati wa hapa wamekodi ukumbi kule Al Rayyan. Watu mia mbili. Bhavesh anataka baba yake asimulie kwa mara ya mwisho na wamrekodi. Kisa anachoweza kufikisha mwisho ni kimoja, unakijua. Na anayemfanya aseme ni mmoja. Wamenishonea sari, nikae mbele yake nimwitikie.

Nisipoitikia atanyamaza mbele ya wote hao, na mimi nitakuwa nimekwisha. Mkataba wangu umebakiza miezi minane, na nina miaka mitatu sijaiona nyumba yetu. Nikiitikia, nitakuwa nakubali ndugu wa mama yangu atukanwe, kwa sauti, kwenye rekodi. Nimewaza kujifanya mgonjwa. Nimewaza kumwambia Madam ukweli, lakini ukweli wenyewe siujui, umenifungia.

Niambie nifanye nini. Ukisema hapana, sitakaa pale, na litakalokuwa na liwe. Tafadhali mwambie Levis aitume upesi.

Winfred wako

Al Wukair
Ijumaa, 28 Februari 2025

Mjomba,

Nilingoja jibu lako mpaka nilipovalishwa ile sari. Halikuja. Nakuamkia wewe na Anti, na ninaandika kwa sababu nisipoandika leo sitaandika tena.

Niliitikia. Kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Walimketisha kwenye godoro na mito, wakamvika shada la maua. Alipowaona watu akawa mtu mwingine. Mkono unaotetemeka kila siku ukatulia. Hakucheka hata mara moja, mjomba, yeye hachekagi, anasema kwa uso wa mtu anayetoa taarifa ya msiba, na hiyo ndiyo inayowamaliza watu.

Sasa Kigujarati nakielewa kidogo, kile kisa chote nakijua. Nilisema moyoni nitaitikia kwa mdomo tu. Alipofika pale Filipo anapokiomba kinanda msamaha, akanyamaza, akaniangalia mimi, akainamisha kichwa kidogo kwa kile kinanda kilichokuwa pale. Nikacheka. Sikuigiza. Kicheko kilinitoka mpaka nikashika mbavu, na ukumbi ulipoona hata Mwafrika wake anacheka, ukazidi.

Bhavesh alinishukuru mbele ya watu. Nikaenda msalani nikatapika.

Sitegemei unisamehe. Nimekuambia tu kwa sababu tayari liko kwenye video, nawe usije ukaliona kwa mtu mwingine.

Winfred

Chavakali
17 Machi 2025

Mwanangu Winfred,

Amani ikujie. Barua zako mbili za mwisho nimezipata siku moja, jana. Levis alikuwa Mombasa wiki sita akitafuta kazi na hakuniambia kwamba simu imejaa barua zangu. Amerudi bila kazi, amekonda, mama yake anamlisha kwa hasira. Mimi nashukuru alichelewa, maana ningekukataza, na ungekuwa barabarani sasa hivi.

Usitapike tena kwa ajili yangu. Nitakueleza.

Mwaka wa 1984 Wahindi walimleta mzee huyo Kisumu, nami Bwana Kanji akanitoa dukani nikashughulikie maikrofoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikaa nyuma ya pazia, nyuma yake kabisa. Akaanza kile kisa chake kikubwa cha wakati huo, cha harusi na nyati, na katikati akasahau. Akakauka. Watu mia nne wanamwangalia. Nikaona jasho likipenya shati mgongoni. Mimi kisa hicho nilikuwa nakisikia dukani kila siku, nakijua kuliko zaburi. Nikampa maneno yaliyofuata, kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini. Akayachukua. Akakwama tena, nikampa tena. Mara saba, Winfred. Tulikimaliza pamoja na hakuna aliyejua. Alipotoka alisimama mbele yangu akaniangalia, nikangoja aseme kitu. Akaenda zake.

Mwaka uliofuata ikaja kaseti mpya. Bwana Kanji akaiweka asubuhi, duka limejaa. Jina langu likatajwa, wateja wote wakageuka. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, mkasi mkononi. Kwa hivyo wakaona nimekubali. Wakaniita Filipo wa Spika miaka kumi na moja. Watoto wadogo wakija na mama zao kununua sare za shule walikuwa wananiuliza kama nimelala vizuri. Siku moja niliweka mkasi juu ya meza nikaondoka, na Edith nikamwambia biashara imeharibika nimepunguzwa.

Kwa hivyo hilo la kucheka ninalijua. Yule mtu anajua kazi yake, hapo hakuna la kufanya.

Ombi langu ni moja. Ukurasa wa pili nimeandika kisa cha siku ile kilivyokuwa, kwa Kigujarati, kwa herufi zetu ili uweze kukisoma. Nataka akisikie mara moja kabla hajafa. Simtaki aombe msamaha. Nataka tu akisikie. Ukiona kitakuharibia kazi, chana.

Mjomba wako

Al Wukair
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Mjomba mpendwa,

Nimefurahi Levis yuko nyumbani. Mwambie kukonda si ugonjwa, na kazi huku bado nitamuulizia. Ramadhani imepita salama, sasa joto linaanza tena. Mgongo ni mbaya, lakini nimeomba likizo na Madam hakukataa papo hapo, amesema tutaona.

Sikuchana. Nilijifunza ukurasa wako siku kumi, nikifua, nikipiga pasi. Jumanne Madam na Bhavesh walikwenda kwa daktari wa macho, tukabaki wawili. Alipomaliza chai nikamwambia, Bapuji, leo nasimulia mimi. Nikaanza. Mwanzoni alinikodolea macho, nadhani kwa vile nilivyokuwa nikiyaumiza maneno yao. Kisha nilipopumua kwenye nukta, akasema, "Haa."

Aliniitikia, mjomba. Kila sentensi. Na nilipofika pale msimulizi anakauka mbele ya watu mia nne akafuta uso kwa shada la maua akidhani ni kitambaa, hilo ulilonificha kwenye barua ukaliandika kwa Kigujarati tu, mzee alicheka. Miezi yote hii sijawahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka chai ikamrudia, nikampigapiga mgongoni. Akafuta machozi akaniuliza huyo msimulizi mjinga ni nani. Nikamwambia ni mtu wa zamani.

Akasema haa. Kisha akaniuliza kitu, polepole, kwa maneno machache ili nielewe.

"Na yule wa nyuma ya pazia, alimwambia asante?"

"Bado, Bapuji," nikamwambia.

Hakucheka tena. Aliangalia mikono yake. Halafu akainua ule mmoja mzima, akaushika ule ulioharibika, akaviunganisha viganja vile wanavyofanya, akainama upande wa pazia la dirishani, akasema, "Filipobhai," yaani ndugu Filipo. Jina hilo, mjomba, mimi sikuwa nimelitaja. Ukurasa wako unasema "kijana wa maikrofoni" tu. Alilia hata akakataa chakula, na Madam aliporudi nikasema ni jino.

Kesho yake alasiri nikaketi mbele yake. Alikuwa amesahau yote. Akaanza kile kisa chake, kilekile, Filipo amelala kichwa kwenye spika. Nilishindwa kuitikia, akakatika, akageukia ukuta, na tangu hapo yuko hivyo siku ya tatu sasa. Madam ameanza kuniangalia.

Naweza kumsimulia cha kwako tena. Naweza kumsimulia kila siku mpaka kimkae kichwani. Nakikumbuka chote. Sema tu.

Winfred

Chavakali
5 Mei 2025

Winfred mwanangu,

Sote tunakusalimu. Anti Edith ndiye aliyenisomea barua yako, miwani yangu imevunjika mkono mmoja, kwa hivyo sasa anajua. Alisoma mpaka mwisho bila kusimama. Kisha akanipiga kofi la bega, akaniuliza kwa nini miaka yote hii nilimwacha amlaani Bwana Kanji bure. Tuliketi hapo uani mpaka kuku wakaingia wenyewe. Anataka nimsimulie kile cha nyati na harusi, anasema atakuwa ananiitikia, lakini kwa sauti kubwa.

Usimwambie tena yule mzee.

Alilia na kukataa chakula. Sasa unataka kila siku umpe aibu ile ikiwa mpya, alie upya, alale asahau, aamke tena umpe? Hilo hata yeye hakunifanyia. Mimi ilikuwa mpya mara moja tu, baadaye niliizoea. Alilitaja jina langu bila kuambiwa. Ina maana alikuwa nalo humo ndani siku zote, tukio la kweli, chini ya kile kisa chake cha kutunga. Nilichotaka kujua ni hicho.

Rudi ukakae mbele yake. Akianza kile chake cha zamani, mwitikie vizuri, sauti isikike, asije akakatika tena. Na akifika pale kwenye kinanda, kicheko kikikushika, cheka, mwanangu. Mimi pia ningecheka.

Mjomba wako,
Philipo